Upande wa Pili, Wimbo wa Tatu

Santuri imekuja kwa posta ndani ya katoni la biskuti,
imezungushiwa gazeti, ukurasa wa misiba.
Kwenye jalada Ozella Tarpley kasimama mbele ya ghala la pamba
na buti zile zile nyeupe, za mpira, za kiwandani.
Hakutabasamu.
Najua mpiga picha alimsihi mpaka akachoka.

Mimi sina gramafoni.
Nimeazima ya Mchungaji Purvis, nikamdanganya
kwamba nina mahubiri ya kusikiliza.

Upande wa kwanza nimeusikiliza wima, koti mwilini,
harufu ya kambare ingali kwenye nywele.
Sauti ile naijua. Miaka mitatu ilikuwa kushoto kwangu
kwenye ukanda, zamu ya usiku, hapa hapa Belzoni,
ikipita chini ya kelele za misumeno
kama maji yapitavyo chini ya mlango.
Msimamizi alimkata mshahara wa nusu saa kwa kuimba kazini.
"Basi nimeshailipia," akasema,
akaimba nusu saa nzima.

Miaka ishirini na miwili, na koo lina kutu ya lango la makaburini!
Inapanda, sauti, kama mtu na gunia kwenye ngazi,
ikifika juu haitui.
Gitaa linamjibu kwa mkato, mume aliyenuna.
Ngoma hakuna hadi wimbo wa nne,
ni buti tu juu ya ubao, du, du,
na mahali fulani kiti kinalia.

Wanasema walirekodi siku tatu ndani ya benki iliyofungwa,
yeye kawekwa kwenye chumba cha hazina, mlango wa chuma wazi,
akiimba pale zilipolala
fedha za pamba waliyoichuma babu zetu.

Kisha nikageuza.
Wimbo wa tatu. Jina nimelisoma mara mbili, miwani na bila miwani:
Kidole cha Verdia.

Verdia ni mimi.

*Walikitafuta kwenye barafu, walikitafuta kwenye damu,
nasema walikitafuta kwenye barafu, ee, walikitafuta kwenye damu,
mashine ikawashwa tena, Bwana, hata kabla ya mwisho wa zamu.*

Nikainyanyua sindano.
Nikachemsha kahawa nisiyoinywa.
Hakuniuliza! Kitoto kile nilichokifundisha kushika kisu,
nilichokipa glavu zangu kavu Januari,
kimechukua kidole changu kukiuza
dola ishirini na mbili, pamoja na gharama ya posta.

Kidole kimoja hakivunji chawa, ndivyo isemwavyo.
Changu kilivunja deni la friji:
kampuni ilinipa dola mia nane na hamsini
na paja la nguruwe la Krismasi,
na karatasi, weka sahihi hapa, mama, na hapa,
kwamba sitasema, kwa mtu yeyote, popote.
Nikaweka, kwa mkono wa kushoto, herufi zikaanguka
kama za mtoto wa darasa la kwanza.
Miaka tisa. Hata kanisani
hujificha mkono ndani ya kitabu cha nyimbo.

Ozella hakuweka sahihi yoyote.

Hilo lilinijia nikiwa nimeshika kikombe kilichopoa.
Mimi nilifunga kinywa. Chake hakikutajwa kwenye ile karatasi.

Nikairudisha sindano, ikaruka, ikakwaruza,
nikaiweka tena mwanzo.
Mwishoni, gitaa likishanyamaza,
kuna kikohozi hawakukikata.
Nakijua. Si mafua, ni klorini ya kuoshea sakafu,
saa kumi alfajiri, madirisha yamefungwa.

Mchungaji kagonga akitaka gramafoni yake.
Nimemwambia kupitia mlangoni: mahubiri hayajaisha.

Nimeuweka mkono juu ya spika, ule wa kulia, wazi.
Vidole vinne vinatetemeka.
Na pale pasipo kitu,
pale pia.